Fataki ya Mwingereza, Ganda la Mmarekani

Mwaka 1866 wanaume wawili ambao hawakuwahi kufanya kazi pamoja walipata hataza za kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole: fataki, kile kikombe chenye dawa kinachopigwa na pini ya silaha ili kiwashe baruti. Wa kwanza alikuwa Edward Boxer, afisa wa jeshi la Uingereza aliyesimamia maabara ya silaha ya Woolwich. Wa pili alikuwa Hiram Berdan, Mmarekani aliyeongoza walenga shabaha wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Fataki ya Boxer hubeba fuawe yake yenyewe, kipande cha chuma ambacho dawa hubanwa juu yake pini inapopiga, na moto huingia kwenye baruti kupitia tundu moja lililo katikati kabisa ya kitako cha ganda. Ya Berdan haina fuawe. Fuawe imeumbwa pamoja na ganda, na moto hupenya pembeni mwake kwa matundu mawili madogo. Kwa anayefyatua na kulitupa ganda, tofauti hiyo si kitu. Kwa anayetaka kulijaza tena ganda lilelile, hapo ndipo penye kazi: tundu la Boxer hupitisha sindano ya chuma inayoisukuma fataki iliyokwisha kazi mpaka ikaanguka, ilhali ya Berdan haisukumiki kwa sindano, na lazima ing'olewe kwa nje kwa ndoana, moja moja, huku kitako kikiwa hatarini kuharibika. Kisha mambo yakageuka kinyume. Majeshi mengi ya bara la Ulaya yakachukua mfumo wa Mmarekani, na Marekani ikachukua wa Mwingereza.

Kujaza risasi za bastola kwa mkono kwa ajili ya mazoezi ya shabaha ni desturi ambayo imekita Marekani kuliko popote, na wenyewe hupenda kuisimulia kama urithi wa mtu wa nyika za Magharibi asiyemtegemea yeyote. Wasiopendezwa nayo huiita ubahili uliogeuka burudani. Kila upande umeshika nusu ya habari. Desturi hiyo ilishika mizizi pale ganda linalojazika lilipokutana na dola iliyotaka askari wake wafyatue sana kwa fedha kidogo, kisha ikalelewa na kanuni za mashindano, na siku zote imekitegemea kiwanda katika kitu kimoja ambacho mtu hawezi kukitengeneza mezani kwake kwa usalama wala kwa faida.

Ni vyema kukumbuka kwamba hapo awali hapakuwa na mtu asiyejaza mwenyewe. Rivolva aliyoipatia hataza Samuel Colt mwaka 1836, na zile zilizoifuata kwa miaka thelathini hivi, hazikulishwa risasi kamili kama tunazozijua. Mwenye bastola alimimina baruti katika kila chumba cha silinda, akaweka tonge la risasi juu yake, akalishindilia kwa mkono wa chuma uliofungwa chini ya mtutu, kisha akavisha fataki nyuma ya kila chumba. Mara nyingi bastola iliuzwa ndani ya kasha pamoja na kalibu ya kusubia risasi, kwa maana muuzaji alichukulia kwamba mnunuzi atayeyusha risasi mwenyewe. Mpiga shabaha wa zama hizo alizoea kupima, kusubu na kushindilia kama sehemu ya kupiga kwenyewe. Kilichohitaji kuzuliwa baadaye ni mtu asiyejaza.

Mtu huyo alizuliwa na Horace Smith na Daniel Wesson mwaka 1857, walipotoa bastola ndogo iliyotumia risasi kamili za ganda la shaba zenye dawa ya kulipukia ndani ya ukingo wa kitako. Ilikuwa rahisi ajabu: unatia, unafyatua, unatupa. Lakini risasi ya fataki ya ukingoni haijaziki tena. Nyundo huukunja ukingo, na dawa iliyosambazwa ndani yake hairudishiki kwa chombo chochote cha nyumbani. Kwa hiyo aliyenunua bastola hiyo alinunua pia deni la kurudi dukani kila kasha lilipokwisha. Smith na Wesson walikuwa wamejipatia haki ya kutumia hataza ya Rollin White juu ya silinda iliyotobolewa moja kwa moja, na hadi 1869 ilipokwisha muda wake, washindani wao Wamarekani walizuiwa kuunda rivolva ya aina hiyo bila ruhusa. Laiti teknolojia ingeishia hapo, desturi tunayoizungumzia isingekuwapo. Haikuishia hapo kwa sababu ganda lenye fataki ukingoni lilipaswa kuwa jembamba ili likunjike, na ganda jembamba halistahimili baruti nyingi. Kwa silaha kubwa ilibidi fataki ihamie katikati, na mara ilipohamia katikati ikawa kitu kinachoweza kutolewa na kuwekwa kingine.

Hapa ndipo anaposimama mpinzani wa kwanza wa hoja yangu, naye ana ushahidi mzuri. Mwaka 1873 Winchester ilitoa bunduki iliyotumia risasi ya .44 yenye fataki katikati, na kampuni hiyohiyo ikauza koleo za kujazia risasi zake. Miaka michache baadaye Colt ikatengeneza rivolva ya risasi hizohizo, na mtu akaweza kujaza akiba moja ya kulisha bunduki na bastola. Miaka hiyohiyo wawindaji wa nyati katika nyanda za Kansas na Texas walibeba mikebe ya baruti na vipande vya risasi, wakijaza usiku maganda waliyoyafyatua mchana. Je, hawa si watu wa nyika walioianzisha desturi kwa mikono yao, bila dola wala chama? Walijaza, tena wengi wao maganda ya Berdan, kwa ndoana na subira. Lakini walijaza kwa ajili ya kuua nyati kwa biashara, na kufikia katikati ya miaka ya 1880 nyati walikuwa wamekwisha, biashara ikakoma, na kampuni ya Sharps, iliyowatengenezea bunduki walizozipenda, ilikuwa tayari imefunga milango mwaka 1881. Desturi isiyo na watu wa kuirithi haigeuki kuwa desturi. Aliyeirithi ilikuwa kambi ya jeshi, na baada yake chama cha shabaha.

Habari ya jeshi husimuliwa mara chache, labda kwa kuwa haina mapambo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe jeshi la Marekani lilikuwa dogo, limetawanyika, na bajeti yake ilikuwa ya kubana. Askari wake walifyatua kidogo mno. Maofisa waliotoka kwenye vita hivyo wakiwa wamechukizwa na ubovu wa shabaha walikuwa wameanzisha Chama cha Taifa cha Bunduki mwaka 1871, na mwaka 1874 timu ya Marekani ikawashinda Wairishi kwa alama 934 kwa 931 katika uwanja wa Creedmoor, Long Island. Nchi ikashikwa na homa ya shabaha, ila jeshi lenyewe lilikuwa na tatizo la kiufundi. Risasi zilizotoka karakana ya serikali ya Frankford, Philadelphia, zilifuata ubunifu wa Stephen Vincent Benét, aliyekuja kuwa mkuu wa idara ya silaha (na ambaye mjukuu wake, mwenye jina hilohilo, akawa mshairi mashuhuri). Fataki ya Benét ilifungiwa ndani ya ganda la shaba nyekundu, isionekane kwa nje. Ilikinga unyevunyevu vizuri, lakini ganda likishafyatuliwa ni takataka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Frankford ikabadili mwelekeo. Maganda yakaanza kutengenezwa yakiwa na fataki ya nje inayobadilishika, na vituo vya jeshi vikapelekewa vyombo vya kujazia. Sababu haikuwa mapenzi ya ufundi. Askari aliyejaza maganda ya kituo chake alifyatua mara nyingi zaidi kwa bajeti ileile, na kwa mazoezi ya ndani ya kambi aliweza kutumia baruti kidogo sana na tonge dogo la risasi ambalo halikuhitaji uwanja mrefu. Mwaka 1885 jeshi likapata mwongozo rasmi wa shabaha ulioandikwa na Stanhope Blunt, na alama za askari zikahesabiwa. Kwa hiyo kundi kubwa la Wamarekani waliojifunza kujaza maganda kwa utaratibu, kwa vipimo, kwa lengo la kutoboa karatasi tu, lilivaa sare na kulipwa mshahara na serikali. Wakimaliza muda wao walirudi makwao na ujuzi huo.

Uzito wa uamuzi huo huonekana vizuri zaidi mtu akitazama dola hizohizo za Magharibi zilivyofanya mahali zilikotaka watu wasifyatue. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890, ambao Marekani yenyewe iliutia saini, ulizuia kuingizwa bunduki za kisasa na risasi zake katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, yaani pamoja na pwani yetu yote na bara lake hadi Kongo. Ukaruhusu, kwa masharti, bunduki za gumegume zisizo na mikwaruzo ndani ya mtutu, na ile baruti ya kawaida ya biashara. Walioandika mkataba walielewa barabara kwamba bunduki ya risasi kamili ni mtumwa wa ganda lake, na kwamba atakayeshika njia ya maganda ndiye atakayeishika bunduki. Gobori lililoshindiliwa kwa mdeki lilihofiwa kidogo kwa sababu lilikuwa hafifu, lakini liliishi muda mrefu mikononi mwa wawindaji wa bara kwa sababu lilikula chochote kilichopatikana. Huku askari wa Kansas alipewa koleo na kalibu. Huku Mnyamwezi alinyimwa hata ganda tupu. Elimu ya kiufundi ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni nani dola ilimtaka awe na shabaha.

Nje ya kambi nako, mwaka 1884 John Barlow wa New Haven, Connecticut, alianzisha kampuni ya Ideal, iliyouza koleo moja lililofanya takriban kazi yote: kutoa fataki kuukuu, kutia mpya, kubana kichwa cha risasi kwenye mdomo wa ganda, na kwa baadhi ya aina, kusubu risasi kwenye kalibu iliyokuwa ncha ya koleo hilohilo. Muhimu kuliko koleo kilikuwa kijitabu chake, kilichotoka toleo baada ya toleo, kikiwa nusu orodha ya bei na nusu shule. Humo msomaji alifundishwa kwamba risasi iliyosubiwa ikiwa baridi hutoka na mikunjo, kwamba bati kidogo huifanya ijaze kalibu vizuri, kwamba baruti ipimwe kwa kipimo kilekile kila mara. Kampuni ilipita kwa Marlin mwaka 1910 na kwa Lyman mwaka 1925, na koleo la aina hiyo likaendelea kuuzwa kwa vizazi. Kwa njia hii ujuzi wa kambi ulipata kitabu, nao ukaacha kuhitaji kambi.

Kwa nini lakini bastola, na kwa nini shabaha? Mwindaji anataka nguvu, na nguvu inapatikana dukani. Mpiga shabaha wa bastola anataka kitu ambacho duka la karne iliyopita halikumpa kwa urahisi: risasi dhaifu, na zote zilingane. Anasimama akiishika bastola kwa mkono mmoja, yadi 25 au 50 kutoka kwenye karatasi, na kila mshtuko wa ziada unaorudi mkononi unamchosha na kumfundisha kufumba macho kabla ya mlio. Chama cha Rivolva cha Marekani kilianzishwa mwaka 1900, na rais wake mmoja, A. L. A. Himmelwright, alipotoa kitabu chake cha kupiga bastola mwaka 1915 alitenga sehemu nzima kwa ajili ya kujaza risasi. Hapo kujaza kulikwisha kuhesabiwa miongoni mwa stadi za mpiga shabaha, sambamba na namna ya kusimama na kusafisha mtutu.

Hata hivyo desturi hii ilikaribia kufa mikononi mwa watu haohao, na kilichokaribia kuiua kilikuwa maendeleo. Baruti nyeusi ilikuwa mwalimu mpole. Inajaza ganda zima, hata aliyekosea hawezi kutia mara mbili kwa sababu haitaingia. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alifanikisha baruti isiyo na moshi, na mwaka 1898 kampuni ya Laflin & Rand ikatoa Bullseye, baruti ya bastola inayowaka haraka sana, ambayo ingali ikiuzwa katika karne ya 21. Kiasi chake kinachohitajika hufunika kitako cha ganda tu. Ganda la .38 lililotengenezwa kwa vipimo vya baruti nyeusi linabaki na nafasi tupu kubwa, na mtu aliyesahau akatia mara ya pili haoni tofauti kwa haraka, mpaka silinda inapopasuka. Kibaba cha zamani kikawa hatari, na mizani ya kupima hata sehemu ya kumi ya greni ikawa lazima. Pia fataki za wakati huo zilikuwa na zebaki. Masizi mengi ya baruti nyeusi yalikuwa yakiipunguza makali, lakini baruti mpya haikuacha masizi, na zebaki ikashikana na shaba ya ganda ikaifanya iwe ya kukatika. Ganda lililofyatuliwa mara moja likawa la kutiliwa shaka. Ndiyo maana viwanda viliposhauri watu waache kujaza, havikuwa vikisema kwa tamaa ya mauzo peke yake. Vilikuwa na hoja. Nafuu ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1920, fataki zisizo na zebaki na zisizotia kutu zilipoenea Marekani, na ganda likarudi kuwa mali. Angalia nafuu hiyo ilikotoka: maabara za viwanda. Mjazaji alikuwa mpokeaji tu.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa wenye hoja ya ubahili hujiona wameshinda. Shindano la bastola la Kimarekani lililokamilika ni la alama 2700, yaani mipigo 270 yenye thamani ya juu ya kumi kila mmoja: 90 kwa bastola ya .22, 90 kwa bastola yoyote ya fataki ya katikati, na 90 kwa .45. Mipigo 180 basi ni ya risasi za bei kubwa, tena hiyo ni siku moja tu ya shindano, mbali na mazoezi ya majuma yaliyotangulia. Ganda ndilo sehemu ya gharama kubwa zaidi katika risasi ya bastola, na la .38 au .45, ambalo hupata shinikizo dogo na lina kuta zilizonyooka, hujazika mara nyingi sana kabla ya mdomo wake kupasuka. Kwa hiyo ndiyo, kujaza kunapunguza gharama ya kila mpigo. Lakini mtu bahili wa kweli angefyatua .22, ambayo ni rahisi kuliko risasi yoyote iliyojazwa kwa mkono na haimtaki hata kuinama kuokota. Wanaotaka kushinda hawawezi kubaki kwenye .22, kwa sababu kanuni zinadai theluthi mbili ya mipigo ipigwe kwa silaha nyingine. Na kila anayejaza anajua kwamba mwisho wa mwaka hakuweka akiba yoyote, amefyatua zaidi. Hilo ndilo hasa jeshi lililolitaka mwaka 1882.

Kanuni zilifanya zaidi ya kudai wingi. Karatasi ya shabaha huhesabiwa kwa mstari: tundu likigusa mstari wa duara la ndani, mpigaji hupewa alama ya juu. Risasi yenye ncha ya mviringo hupasua karatasi na kuacha tundu lililochanika ambalo mwamuzi hubaki akilibishania, na risasi yenye kichwa bapa hukata duara safi kama la kitobozi cha ofisini. Hivyo ukazuka ufundi mzima wa kusubu vichwa bapa vya .38, na kwa .45 vichwa vya nusu bapa ambavyo vingeweza kuteleza kutoka kwenye magazini ya bastola ya jeshi ya mwaka 1911 bila kukwama. Bastola hiyo iliundwa kwa risasi nzito ya vita. Kuifanya ifanye kazi kwa risasi dhaifu ya mashindano kulihitaji springi laini na kujaribu mchanganyiko baada ya mchanganyiko. Viwanda vilikuja kuuza risasi za namna hii, tena nzuri, ila vilikuja vikiwafuata wajazaji. Idara za polisi nazo, zilizolazimika kuwafanyisha askari wao mazoezi, zilinunua mashine kama ile ya Star ya San Diego, iliyotoa risasi moja kamili kwa kila mvuto wa mpini. Serikali tena, safari hii ya mji.

Kuna wanaoisimulia historia hii kwa majina mengine kabisa. Watakutajia Philip Sharpe na mchango wake katika risasi ya .357 Magnum ya mwaka 1935, kisha kitabu chake kikubwa cha kujaza risasi cha 1937. Watakutajia Elmer Keith, mfugaji wa Idaho aliyejaza .44 kwa nguvu kupita vipimo vya viwanda mpaka .44 Magnum ikatoka katikati ya miaka ya 1950. Kwao kujaza ni historia ya kutafuta nguvu, na mpiga shabaha ni mzee mwenye miwani asiye na hadithi. Sikatai kwamba Keith alikuwa na hadithi nzuri zaidi. Ila tazama kilichotokea kwa kazi ya watu hawa: kila walipofaulu, kiwanda kilichukua matokeo na kuyauza yakiwa kwenye kasha, na sababu ya kujaza ikapungua. Anayetafuta nguvu hufika mwisho. Mpiga shabaha hana mwisho wa namna hiyo, kwa kuwa anachokitafuta ni risasi ya leo ilingane na ya jana, tena itoshee bastola yake mwenyewe, na hilo linabidi lifanywe upya kila juma.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta uhaba, na uhaba ukaleta viwanda vidogo. Fred Huntington wa Oroville, California, alianza mwaka 1943 kwa chombo cha kugeuza maganda matupu ya .22 yawe ngozi ya vichwa vya risasi. Kampuni yake, RCBS, ikaja kuwa jina la kwanza katika mashine za mezani. Joyce Hornady akafuata huko Nebraska mwaka 1949. Vita vilipokwisha, baruti ya ziada ya serikali iliuzwa kwa bei ya kutupa. Richard Lee wa Wisconsin naye akatoa seti ya vyombo vya kugongwa kwa nyundo, ambayo ilimtosha hata asiye na meza. Risasi ya kusubu nayo ilitoka katika taka za viwanda vingine: vyuma vya kusawazisha magurudumu ya magari, na herufi za mashine za kuchapia magazeti, ambazo mchanganyiko wake wa risasi, bati na antimoni uliwafaa wajazaji sana. Magazeti yalipoacha kuchapa kwa herufi za risasi, mkondo huo ukakauka. Katika miaka ya 1980 mashine za Mike Dillon wa Arizona ziliwapa wapiga shabaha wa aina mpya, wanaokimbia na kufyatua kwa kasi chini ya kanuni zilizoasisiwa Columbia, Missouri, mwaka 1976, uwezo wa kujaza mamia ya risasi kwa saa moja. Waliokumbuka koleo la Barlow waliona haya, lakini mantiki ni ileile: kanuni ziliongeza idadi ya mipigo, na mashine ikaifuata.

Limebaki pingamizi lenye uzito zaidi, nalo ni la kisiasa. Inasemwa kwamba kujaza kwa mkono ni uhuru: mwenye mashine na pipa la maganda hawezi kuzimwa na duka wala na sheria. Sheria yenyewe ni ya kuchekesha kidogo. Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 ilihesabu ganda tupu, fataki, kichwa na baruti, kila kimoja peke yake, kuwa ni risasi, ikazuia kuviagiza kutoka jimbo jingine kwa posta. Marekebisho ya 1986 yakafungua tena mlango huo. Anayejaza ili auze lazima awe na leseni, anayejaza kwa matumizi yake hahitaji. Lakini sheria siyo kamba inayomshika. Kinachomshika ni fataki. Kichwa atasubu, ganda ataokota, hata baruti anaweza kuwa nayo ya miaka. Fataki haitengenezeki nyumbani kwa njia yoyote ya akili timamu, na viwanda vya Marekani vinavyoitengeneza kwa wingi vinahesabika kwenye vidole vya mkono mmoja. Uhaba wa 2008 na 2009, wa 2013, na ule mkali zaidi wa 2020 na 2021 ulionekana kwanza kwenye rafu za fataki. Katika kipindi hicho cha mwisho kampuni moja, Vista Outdoor, ilimiliki Federal, CCI na, baada ya mnada wa kufilisika kwa Remington, viwanda vya risasi vya Remington pia. Watu wenye maganda elfu kumi waliketi mikono mitupu. Huo siyo uhuru kutoka kwa kiwanda. Ni mkataba nacho, ambao kifungu chake kikuu kiliandikwa mwaka 1866.

Mtu anaweza kuniuliza: kama tundu moja katikati lina uzito huo, mbona Wajerumani, Wafini na Wacheki nao wana wajazaji hodari? Wanao, na uwepo wao unaitia nguvu hoja. Wengi wao waliyahama maganda ya Berdan ya majeshi yao. Viwanda kama Sellier & Bellot cha Vlašim na Prvi Partizan cha Užice, vilivyokulia katika nchi za mfumo wa Berdan, leo huuza risasi za bastola zenye fataki ya Boxer, kwa sababu mnunuzi wa kiraia, hasa wa Marekani, hulipa kwa kuwa atabaki na ganda. Zile risasi rahisi za Kirusi zenye ganda la chuma na fataki ya Berdan zilifyatuliwa kwa mamilioni katika viwanja vya Marekani kwa miaka mingi. Baada ya shindano, wapiga shabaha huinama na kuokota maganda ya shaba moja baada ya jingine, wakitazama kitako kabla ya kutia mfukoni. Yale ya chuma huachwa yakafagiliwe na mwenye uwanja.